Shajara ya Mradi: Kufuata Hoja ya Mwananchi, Kutoka Mkutano wa Kijiji Hadi Kitabu cha Bajeti

Agosti: kigawanyo kabla ya safari

Mradi unapima ushiriki wa wananchi katika uongozi na maendeleo ya vijiji vya kata mbili, kanda ya kati ya Tanzania. Mwezi wa kwanza haukuwa wa kwenda vijijini. Ulikuwa wa kukubaliana tunahesabu nini, na tunakigawanya kwa nini.

Msingi wa kisheria haujifichi. Ibara ya 8 ya Katiba ya 1977 inasema wananchi watashiriki katika shughuli za Serikali yao, na Ibara ya 146 inataja kupeleka madaraka kwa wananchi kuwa ndiyo madhumuni ya serikali za mitaa. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287, inayashusha hayo hadi chini ya mti wa mkutano: kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo unapaswa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25. Kipimo cha kwanza kabisa basi hakihitaji utaalamu: katika mwaka mmoja mikutano minne imekaa au haijakaa, na mihtasari ipo au haipo.

Ugumu unaanzia kwenye mahudhurio. Tuseme kijiji kina watu 2,400, wazima 1,200, kaya 480, na mkutano umehudhuriwa na watu 96. Ukigawanya kwa watu wazima unapata asilimia 8. Ukigawanya kwa kaya unapata asilimia 20, kana kwamba kila aliyekuja ametoka kaya yake peke yake na ameiwakilisha. Mkutano ni uleule. Ripoti nyingi za ushiriki hutaja asilimia bila kutaja kigawanyo, na msomaji hana namna ya kujua amepewa ipi. Uamuzi wetu: kigawanyo ni watu wazima, kutoka Sensa ya 2022, kikisahihishwa kwa daftari la wakazi la mtendaji wa kijiji. Idadi ya kaya huandikwa pembeni, haichukui nafasi yake.

Uamuzi wa pili ndio uliobeba mradi mzima. Mtu aliyekaa mkutanoni kwa muda wa saa tatu bila kusema wala kuulizwa amehesabiwa, na aliyesema jambo likabadilisha mpango wa kijiji amehesabiwa vilevile, kichwa kimoja. Kwa hiyo kizio chetu kikuu cha hesabu ni hoja: jambo lililosemwa na mwananchi mbele ya mkutano. Hoja ina tarehe ya kuzaliwa, ina njia ya kupita, na ina mahali inapofia. Hayo yote yanaweza kuhesabiwa.

Septemba: karatasi ya mkutano na daftari la hoja

Vifaa ni viwili. Karatasi ya mkutano hujazwa palepale na watazamaji wawili wasiokaa pamoja. Daftari la hoja hujazwa jioni ileile kutokana na karatasi hizo, halafu hubaki wazi kwa miezi mingi.

Watu huhesabiwa mara tatu: mkutano ukifunguliwa, taarifa ya mapato na matumizi ikianza kusomwa, na mkutano ukifungwa. Kila mtazamaji huhesabu akitokea upande wake. Wakitofautiana zaidi ya asilimia 5 wanarudia. Watoto hawahesabiwi. Vijana waliosimama kando na pikipiki zao, wanaosikiliza lakini hawajaketi, huandikwa kwenye safu yao ya "pembeni". Ukiwachanganya na waliokaa utasema vijana wanahudhuria vizuri. Ukiwaacha utasema hawapo kabisa. Majibu yote mawili ni ya uongo.

Muda hupimwa kwa saa ya simu: dakika za meza kuu mbali, dakika za wananchi mbali. Kipo pia kipimo tunachokithamini kuliko vingi, nacho ni mikono iliyoinuliwa ikilinganishwa na mikono iliyopewa nafasi, wanawake na wanaume kila kundi peke yake. Ukimya wa wanawake una sababu zaidi ya moja, na anayeinua mkono asiitwe si sawa na asiyeinua. Dawa zake ni tofauti.

Kwenye daftari kila hoja hupewa namba, maneno yake kama yalivyosemwa, jinsia na kundi la umri la msemaji, kama ni kiongozi au si kiongozi, ajenda iliyokuwa mezani, na jibu lililotolewa. Jina haliandikwi, na orodha ya mahudhurio haipigwi picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inadai uangalifu huo, na hata isingekuwepo, mtu aliyehoji matumizi ya fedha za kijiji hapaswi kukutwa kwenye simu ya mdodosaji.

Mwisho wa mstari kuna safu ya hatima. 0: haikuandikwa kwenye muhtasari. 1: imeandikwa. 2: imejadiliwa na halmashauri ya kijiji. 3: imepita Kamati ya Maendeleo ya Kata. 4: imeingia kwenye bajeti. 5: imetekelezwa na inaonekana kwa macho. Si kila hoja inapaswa kufika 5 kwa kupitia ngazi zote. Ushuru wa gulio au zamu za sungusungu huamuliwa kijijini na kuishia kijijini. Ndiyo maana kila hoja huandikiwa kwanza ngazi yenye mamlaka nayo, na hupimwa kwa kulinganishwa na ngazi hiyo tu.

Mwisho wa Septemba: majaribio ya karatasi

Michango ya wananchi ina mafungu matano: swali, lalamiko, pendekezo, pingamizi, taarifa. Watazamaji wakilinganishwa, kulingana kwa asilimia 80 kunapendeza kwa macho, lakini sehemu ya kulingana huko ni bahati. Kipimo cha kappa huiondoa bahati. Michango 100, wamelingana 80, na kwa bahati tu wangelingana 50: kappa ni (0.80 − 0.50) ÷ (1 − 0.50), yaani 0.60. Sisi tunataka 0.70 kabla mtazamaji hajapewa mkutano wa kweli.

Mafungu mawili ndiyo yaliyoshusha alama, lalamiko na pendekezo. Mtu akisema "kisima kimekufa tangu mwaka jana, akina mama wanateseka," mmoja ameandika lalamiko na mwingine pendekezo, kwa sababu kila mtu pale mkutanoni ameelewa kwamba ni ombi la kisima kutengenezwa. Kanuni iliyomaliza ubishi: kama msemaji ametaja kitendo kifanyike au nani akifanye, ni pendekezo, kama hakutaja, ni lalamiko. Wazee wanaosema kwa mafumbo walihitaji kanuni nyingine: andika maneno yenyewe, fungu lipangwe jioni na watu wawili, mmoja wao mwenyeji wa eneo. Kuitikia "hoyee" si mchango, na makofi si mchango.

Oktoba na Novemba: mikutano yenyewe

Mpangilio wa ajenda karibu haubadiliki: kufungua, kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, maagizo kutoka kata na wilaya, mengineyo, kufunga. Sauti ya mwananchi imewekwa kwenye mengineyo. Kufikia hapo jua limekuwa kali au linazama, wenye mifugo wamekwenda kunywesha, akina mama wamekwenda kupika. Hesabu tatu za watu zinaonyesha jambo hili kwa namba bila kulumbana na mtu: waliopo mkutano ukifungwa, mengineyo yakiisha, ni wachache kuliko waliopo taarifa ya mapato na matumizi ikianza kusomwa. Kati ya mambo yote tunayopima, hili ndilo rahisi zaidi kurekebisha, maana halihitaji fedha. Yatokanayo na mengineyo yakipandishwa juu ya maagizo, hoja nyingi zaidi husemwa mbele ya watu wengi zaidi.

Taarifa ya mapato na matumizi ina mtego wake. Kusomwa kwake hutimiza wajibu, na wengi huweka tiki hapo. Tunaandika mambo manne: imesomwa, imebandikwa kwenye ubao wa matangazo kabla ya mkutano, muda wa maswali umetolewa, na kila swali limejibiwa kwa kiasi cha fedha, si kwa ahadi ya kufuatilia. Vijiji hufaulu la kwanza, hupungua la pili, na la nne ndilo linalowatenganisha.

Kwenye maamuzi, mtazamaji huandika kama kura za mikono zilihesabiwa, na kama mwenyekiti aliuliza "wanaopinga?" baada ya "wanaokubali?". Mkutano unaoitikia "ndiyo" kwa pamoja bila swali la pili huandikwa umeafiki bila kuhesabiwa. Hatuandiki kwamba umekubali kwa kauli moja.

Uwepo wa watazamaji hubadilisha mkutano. Gari la mradi likiegeshwa karibu, watu huongezeka kwa kutarajia posho au mradi mpya, na meza kuu hupunguza ukali. Kinga tunazotumia ni za kawaida: hakuna gari wala fulana za mradi, hakuna posho, mkutano wa kwanza wa kila kijiji hutazamwa lakini hauingizwi kwenye hesabu, na idadi za mikutano inayofuata hulinganishwa na mihtasari ya nyuma. Mihtasari hiyo isomwe kwa kuangalia tarehe. Viongozi wa vijiji waliopo walichaguliwa 27 Novemba 2024. Ya kabla ya hapo ni kazi ya halmashauri nyingine, na kuiweka kwenye wastani mmoja ni kuwabebesha watu matendo ya wengine.

Mwisho wa Novemba: dodoso la kaya, kabla ya mvua

Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili. Dodoso likiingia Januari, wenye nguvu wako shambani na utahoji wazee na wagonjwa.

Ukubwa wa sampuli huanza na namba inayojulikana na wengi, 384, kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5. Namba hiyo inadhani watu wamechaguliwa mmojammoja kwa bahati nasibu kutoka kundi kubwa. Sisi tunachagua vitongoji kwanza, na watu wa kitongoji kimoja hufanana: wanamsikia mwenyekiti mmoja, wanakaa mbali sawa na ofisi ya kijiji. Kufanana kukiwa 0.1 kwenye kipimo cha 0 hadi 1, na tukihoji kaya 10 kwa kitongoji, athari ya mpango, yaani mara ngapi sampuli izidishwe, ni 1 + (10 − 1) × 0.1 = 1.9, na sampuli inapanda hadi 730. Tukihoji kaya 5, athari ni 1.4 na sampuli ni 538, ila vitongoji vinavyohitajika vinatoka 73 hadi 108. Vitongoji vya kata mbili havifiki huko, kwa hiyo tumeingia katika vitongoji vyote, na kaya zimepunguzwa kadiri nauli ilivyoruhusu. Kila jedwali la mradi linaonyesha kiwango cha kosa kilichotokana na hapo, si ile asilimia 5 ya kitabuni.

Kaya huchaguliwa kutoka kwenye daftari la wakazi kwa namba za bahati nasibu ndani ya kishikwambi. Balozi wa nyumba kumi hamwongozi mdodosaji nyumba kwa nyumba. Salamu na utambulisho anapewa, orodha hapewi. Ndani ya kaya jedwali la Kish, jedwali la namba za kuchagua mhojiwa bila upendeleo, huchagua mtu mzima mmoja. Njia ya kumchagua aliyetimiza mwaka wa kuzaliwa karibuni haifai mahali ambapo wazee wengi hawazishiki tarehe zao. Asipokuwepo, hurudiwa mara tatu kwa nyakati tofauti kabla ya kubadilishwa. Kumhoji mkuu wa kaya kwa sababu yupo barazani huondoa wanawake na vijana kwenye takwimu kimyakimya.

Swali la "unashiriki katika maendeleo ya kijiji?" limefutwa. Aliyetoa mchango wa darasa, aliyesomba mchanga na aliyehudhuria mkutano wote hujibu ndiyo, na wote wana haki. Maswali ni ya vitendo, kila kimoja peke yake: kuhudhuria, kusema, kuchangia fedha, kuchangia nguvu kazi, kukaa kwenye kamati, kumwendea kiongozi. Muda hufungwa kwenye jambo linalokumbukwa, "tangu mavuno ya mwaka huu", kwa sababu miezi kumi na miwili huvuta ndani matukio ya miaka ya nyuma. Anayesema alihudhuria huulizwa mkutano ulikaa wapi na lilizungumzwa jambo gani. Akikosa yote mawili, hubaki "hana uhakika".

Ukaguzi ufuatao unapaswa kufanywa na kila anayetumia dodoso la mahudhurio. Rudi kwenye kijiji chetu cha mfano. Mikutano minne, watu 96 kila mmoja, watu tofauti hawawezi kuzidi 384, hata kama hakuna aliyekuja mara mbili. Hiyo ni asilimia 32 ya watu wazima 1,200. Dodoso likileta asilimia 40, limepita kiwango kinachowezekana, na tofauti hiyo ni adabu ya mhojiwa kwa mgeni. Utafiti wa Afrobarometer huuliza watu kuhusu kuhudhuria mikutano ya jamii, nao una faida kubwa ya kulinganisha nchi na miaka. Ila kwa kijiji kimoja, jibu la mdomo bila hesabu ya vichwa haliwezi kusimama peke yake.

Februari na Machi: kupanda na hoja

Hatua ya kwanza ni kuweka daftari letu kando ya muhtasari wa mtendaji. Tuseme hoja 60 zilisemwa na 27 zimeandikwa, basi asilimia 45 zimevuka. Hapa ndipo hoja nyingi hufia, na chanzo mara nyingi si hila. Mtendaji mmoja anaendesha mkutano, anajibu maswali na anaandika, muhtasari huandaliwa baadaye, na mjadala mzima hubaki sentensi moja: "Wananchi walichangia na kuafiki." Pale ambapo mwalimu au mjumbe wa halmashauri amepewa kalamu, hoja zinazovuka huongezeka.

Kutoka hapo tunafuata kumbukumbu za Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha mpango na bajeti ya halmashauri ya wilaya kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai. Mpango wa kijiji unaotokana na Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, utaratibu wa kupanga kwa kushirikisha wananchi, ndio unaopaswa kubeba vipaumbele, kwa hiyo hulinganishwa na hoja za mikutano mstari kwa mstari. Kipaumbele kilichomo kwenye mpango lakini hakikutajwa mkutano wowote huwekewa alama ya swali. Huenda kilitoka kwenye kikao cha kitongoji. Huenda kilishuka kutoka juu.

Kuna shimo la kipimo linaloweza kufukia hata vijiji vinavyofanya vizuri. Hoja zinazorudi mara nyingi ni maji na barabara. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017, na maji vijijini yako chini ya RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, iliyoundwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019. Ukizitafuta hoja hizo ndani ya bajeti ya halmashauri utazikosa na utaziandika zimekufa, kumbe ziko kwenye mpango wa wakala. Kila hoja ya maji hufuatwa kupitia chombo cha watumia maji ngazi ya jamii hadi kwa meneja wa RUWASA wa wilaya. Ya barabara hadi kwa meneja wa TARURA. Safu ya hatima imeongezewa herufi: 4H kwa bajeti ya halmashauri, 4W kwa wakala. Mgawanyo huu una uzito wake katika ushiriki. Wakala hana diwani wala mkutano mkuu, na mwananchi anayehoji kijijini anamuuliza mtu asiye na jibu.

Aprili: hesabu

Hatutoi alama moja ya jumla. Kujumlisha mahudhurio, dakika, mikono na hatima ya hoja kunahitaji mizani ya kila kimoja, na mizani hiyo ndiyo huamua nani awe wa kwanza. Kijiji chenye watu wengi mkutanoni na hoja zinazofia kwenye muhtasari kinaweza kulingana na chenye watu wachache na hoja zinazofika bajeti, wakati vinahitaji msaada wa aina mbili tofauti kabisa. Kwa hiyo kila kijiji kina mistari minne upande kwa upande.

Ngazi nane za ushiriki za mwandishi Mmarekani Sherry Arnstein za 1969, kuanzia wananchi kuchezewa hadi wananchi kushika udhibiti, zinasaidia kusoma matokeo lakini si rula: hazisemi mkutano fulani uko ngazi ya ngapi. Kiashiria 16.7.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu nacho hupima mtazamo wa watu, kama wanaona wana sauti katika yanayoamuliwa. Mtazamo huo tumeuuliza kwenye dodoso, na tumeuweka kando ya hatima ya hoja ili tofauti ionekane.

Tunajizuia pia kudai kwamba ushiriki umeleta maendeleo. Nchini Indonesia, utafiti wa mchumi Benjamin Olken katika miradi ya barabara ya vijiji 608 ulionyesha kuwa kualika watu wengi zaidi kwenye mikutano kuliongeza mahudhurio, ila upotevu wa fedha haukupungua sana kwa jumla. Uhakika wa kukaguliwa na wakaguzi wa serikali ulipunguza matumizi yasiyoeleweka kwa takriban alama 8 za asilimia. Jirani zetu Uganda, jaribio la wananchi kusimamia zahanati 50, lililochapishwa 2009, liliripoti vifo vya watoto kushuka kwa theluthi moja. Lilipojaribiwa upya katika vituo 376, upungufu huo wa vifo haukuonekana. Namba zetu zinaeleza njia ya hoja, na zinaishia hapo.

Mei: kurudisha matokeo, na yanayobaki

Kila kijiji kinapata karatasi moja ya ukutani yenye mistari minne ya kwake, bila kupanga vijiji nani wa kwanza na nani wa mwisho. Kwanza inasomwa kwa makundi: wanawake, vijana, wazee, watu wenye ulemavu. Kila kundi linatoa alama 1 hadi 5 kwa kokoto na kueleza sababu, kwa utaratibu wa kadi ya alama ya jamii ulioanzishwa na shirika la misaada la CARE nchini Malawi mwaka 2002. Halafu makundi na halmashauri ya kijiji hukaa pamoja. Ukianza na kikao cha pamoja, alama za wanawake hufuata za meza kuu.

Makubaliano ya kila kikao hayazidi matatu, kila moja na jina la cheo kinachohusika na tarehe. Mpaka sasa yanayojirudia ni kumpa kalamu mtu asiye mtendaji, kusogeza mengineyo, na kubandika mapato na matumizi siku saba kabla ya mkutano.

Daftari la hoja halifungwi na mradi. Hoja zilizofika 4H na 4W zitakaguliwa mwishoni mwa robo ya kwanza ya mwaka wa fedha, Septemba, kwa kwenda mahali penyewe: kisima kinatoa maji au hakitoi, kalvati limewekwa au halijawekwa. Nakala iliyoondolewa taarifa za wasemaji inakabidhiwa mwalimu mmoja na mjumbe mmoja mwanamke wa kila halmashauri ya kijiji, pamoja na karatasi tupu za mkutano za mwaka mzima na kanuni za mafungu matano upande wa nyuma.